Herufi ya s: shajara ya riwaya yangu ya London, 1885

Wiki ya 1, Jumapili usiku. Maneno 640.

Nimeanza jamani. Hii stori imekaa kichwani mda mrefu mpaka ikawa inaniamsha usiku, leo nimefungua faili jipya nikaandika bila kujiuliza mara mbili. Ni riwaya ya mapenzi, wanaume wawili, London, mwaka 1885, na naiandika kwa Kiswahili mwanzo mwisho, maana nimesoma stori za aina hii kwa Kiingereza miaka na miaka na kila nikifunga kitabu nabaki na kiu ileile, natamani kuwasikia watu hawa wakinong'onezana kwa lugha ninayoota nayo.

Thomas ni mpanga herufi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kichochoroni karibu na Fleet Street. Edwin ni mpiga telegrafu, zamu ya usiku, pale Ofisi Kuu ya Telegrafu, St Martin's-le-Grand. Mama mwenye nyumba amewapangisha kitanda kimoja, mmoja analala usiku mwingine analala mchana, mambo hayo yalikuwepo kweli kwa watu wa kipato cha chini, kitanda hakipoi. Kwa hiyo kabla hawajawahi kuonana wanajuana kwa godoro. Edwin akirudi asubuhi anakuta shuka lina harufu ya wino na mto umebonyea upande mmoja, Thomas akirudi jioni anakuta blanketi limekunjwa kwa namna ambayo yeye hajawahi kulikunja, pembe kwa pembe, kama bahasha. Nimeandika hapo nikasimama, nikaona nimeshaipata sauti.

Jumapili ndo siku pekee ambayo wote wawili wanakuwepo. Kitanda kimoja, watu wawili, mchana kutwa.

Wiki ya 1, Alhamisi. Maneno 4,100.

Nimekaa siku mbili na kazi ya Thomas tu, sikutaka iwe pambo. Mpanga herufi anashika kibao cha chuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia unaokota vipande vya madini ya risasi kutoka kwenye sanduku la vijumba vijumba, herufi moja moja, anazipanga zikiwa zimepinduka juu chini, na hatazami sanduku maana mkono unajua njia. Kila kipande kina mkato mdogo ubavuni, kidole gumba kinaupapasa na hapo hapo kinajua herufi imekaa sawa au la. Kijumba cha e ndo kikubwa kuliko vyote, kiko katikati, maana Kiingereza kinakula e kuliko herufi nyingine yoyote. i iko kulia kwake, s inafuata.

Hicho kidole gumba nakipenda sana. Kwenye chapta ya 2 Thomas anampapasa Edwin mstari wa taya kwa kidole hichohicho, gizani, na anamsoma. Nimeiandika kwa pumzi moja, sijaigusa tena.

Wiki ya 2, Jumanne. Maneno 8,900, yalikuwa 10,000.

Nimefuta kurasa kama nne hivi na naziona zilistahili kufutwa. Nilikuwa nimemfanya Thomas aote kitanzi kila usiku, anaamka jasho linamtiririka, kumbe nimechanganya miaka. Watu wa mwisho kunyongwa Uingereza kwa kosa la kulawiti ni James Pratt na John Smith, tarehe 27 Novemba 1835, mbele ya gereza la Newgate. Sheria yenyewe ya kifo ikabaki vitabuni mpaka 1861, ilipofutwa ikawekwa miaka 10 mpaka kifungo cha maisha. Kwa hiyo mwaka 1885 hakuna kitanzi, hofu yao ina sura nyingine kabisa na mimi nilikuwa nawaogopesha kwa hofu ya babu zao.

Lakini Pratt na Smith sijawaacha. Kilichowaponza ni tundu la ufunguo, mwenye nyumba alichungulia na mkewe akachungulia, ushahidi ukawa huo. Basi kule kiwandani nimemweka mzee mmoja, mpanga herufi wa miaka 65, aliyekuwa kijana mwanafunzi wa kazi mwaka ule, na anakumbuka zile karatasi za kuuzwa kwenye umati siku ya kunyonga watu. Anasimulia huku anapanga herufi, hatazami mtu, na Thomas jioni ile anarudi chumbani anatafuna kipande cha karatasi mpaka kinakuwa uji anakiziba nacho kitundu cha mlango. Hasemi kwa nini, na Edwin haulizi.

Wiki ya 2, Ijumaa. Maneno 12,300.

Sheria sasa. Hapa ndo moyo wa kitabu ulipo, kwa hiyo nimeisoma taratibu. Muswada wenyewe ulikuwa wa kulinda mabinti, umri wa kuridhia kutoka miaka 13 kwenda 16, na nchi nzima ilikuwa inachemka baada ya zile ripoti za mhariri W. T. Stead kuhusu mabinti wanaouzwa, kwenye gazeti lake la Pall Mall Gazette mwezi wa 7. Halafu usiku wa tarehe 6 Agosti 1885, usiku mkubwa, mbunge Henry Labouchere akachomeka kipengele kimoja ambacho hakihusiani na mabinti hata kidogo, kwamba mwanaume yeyote atakayefanya uchafu na mwanaume mwenzake, iwe hadharani au faraghani, atafungwa. Yeye alisema mwaka mmoja, Henry James, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali iliyopita, akaomba iwe miwili, pamoja na kazi ngumu au bila. Ikapita, ikawa kifungu cha 11. Dakika chache tu, na watu wameishi chini ya kivuli chake mpaka karne iliyofuata.

Neno lililonikaa ni faraghani. Sheria ya zamani ilitaka tendo maalumu lithibitishwe na hiyo ilikuwa kazi ngumu kwa mahakama, hii mpya haikutaka hayo, ilitosha kukutwa mnashikana kwa namna ambayo baraza la wazee litaiona chafu. Yaani Julai Thomas na Edwin wakifunga mlango wamefunga mlango. Septemba mlango ni uleule, komeo ni lilelile, lakini serikali imo ndani.

Nikajiuliza Thomas angejuaje. Nikakumbuka yeye ni nani. Anaipata kazini, kwenye karatasi ya mwandiko wa mtu mwingine, na anatakiwa aipange kabla ya saa sita mchana maana kiwanda kinachapa kijitabu cha sheria mpya. Anaipanga herufi kwa herufi, juu chini, mkono unaokota wenyewe, na ni mpaka alipofika kwenye neno faraghani ndo kichwa kikaufikia mkono. Hawezi kusimama, msimamizi yupo. Anaweka nukta. Anafunga mstari kwa vipande vya nafasi mpaka ukaze. Aisee nimeandika hii nikalia, sikatai.

Kuna mtu alinishauri niweke ile hadithi ya Malkia Victoria, kwamba wanawake hawakutajwa kwenye sheria kwa sababu malkia alikataa kuamini wanawake wanaweza kupendana. Ni stori tamu ila si kweli, ni ya kutungwa baadaye, kwa hiyo haiingii.

Wiki ya 3, Jumatano. Maneno 15,200.

Maneno. Nimekwama kwenye maneno siku tatu nzima.

Hawa watu wajiite nani? London ya 1885 hawana jina la kujiita bila kujitukana. Homosexual, neno la Kijerumani ambalo mwandishi Kertbeny alilitunga, lilichapwa 1869 na Kiingereza hakijalipokea mpaka miaka ya 1890, mwanasheria Mjerumani Karl Heinrich Ulrichs alishasimama mbele ya wanasheria Munich mwaka 1867 akajaribu kuwatetea watu kama yeye wakampigia kelele mpaka akashindwa kumaliza, lakini mpanga herufi wa kichochoroni hajasikia lolote kati ya hayo. Mtaani kuna Mary-Ann, ambalo ni la kumcheka mtu.

Na mimi je, Kiswahili changu kina nini? Msenge, hanithi, basha, na kila mtu anajua yanatamkwaje na mdomo ukikaa vipi. Shoga ni neno ambalo wanawake wa pwani wameitana kwa upendo tangu enzi na sisi tumelichukua tukaligeuza jiwe la kumrushia mtu. Muhibu ni zuri ila lina marashi ya mashairi, Thomas ananuka wino na risasi, hawezi kusema muhibu. Nikajaribu mpenzi, likawa jepesi. Nikajaribu mwandani, nalo likawa kama jina la gazeti.

Nikalipata jikoni naosha vyombo. Mwenzangu. Ndo neno ambalo mtu aliyeoa na aliyeolewa hulitumia akimtaja yule wa nyumbani, mwenzangu hajarudi, mwenzangu hali pilipili, na ni neno hilohilo unalomwita mtu mnayebeba naye mzigo. Halitangazi chochote, na anayelijua uzito wake anaujua. Nimerudi mwanzo wa faili nimebadilisha kila mahali. Sehemu ya kwanza Thomas anapolisema mbele ya mama mwenye nyumba, "mwenzangu atachelewa leo", mama anasikia mpangaji mwenzangu na Edwin aliyeko ngazini anasikia kingine.

Wiki ya 4, Jumamosi. Maneno 14,300.

Nimepunguza tena. Nilikuwa na mstari mzima wa mtu anayewatishia, anaiba barua, anadai hela. Na mambo hayo yalikuwepo kwa wingi, kifungu cha 11 kilikuja kuitwa hati ya kuwalisha watishaji, barua ya mwandishi Oscar Wilde ilitumiwa hivyohivyo kumkamua pesa kabla haijafika kwenye kesi za 1895 zilizomfunga. Lakini kila riwaya ya aina hii niliyowahi kushika ina yule mtu mlangoni na barua mkononi, na nikiangalia yangu naona analazimisha kila sura ielekee kwake. Sitaki maisha ya hawa wawili yawe ni kumsubiri mhalifu. Nimemtoa. Nimemtoa na gereza pia.

Kipande kimoja tu cha gereza nimebakiza. Kuna mtu alifungwa, zamani alikuwa mpanga herufi, anakuja kiwandani kuomba kazi. Gerezani kazi yake ilikuwa kuchambua kamba kuukuu za meli, zimeganda lami, unazifumua kwa vidole na kucha nyuzi kwa nyuzi mpaka zinakuwa kama pamba chafu, halafu zinauzwa za kalafati kuzibia mianya ya vyombo baharini. Msimamizi anampa kibao amjaribu. Anaokota herufi, kidole gumba kinapapasa ubavu wa risasi, kinarudia, kinarudia tena. Hausikii mkato. Ngozi imekuwa sugu mpaka haisikii. Thomas amesimama hatua mbili kutoka kwake na anaviangalia vidole vyake mwenyewe.

Inatosha. Msomaji ataelewa kazi ngumu ni nini na mimi sihitaji kumpeleka ndani.

Wiki ya 5, Jumatatu. Maneno 19,700.

Dada yake Thomas anaitwa Hannah, mkubwa kwake, ndo aliyemlea, sa hivi ni mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya watu Bath. Kila barua anamuuliza, umepata mtu? Na Thomas amechoka kunyamaza, ana furaha inayomjaa mpaka kooni na hana wa kumwambia duniani zaidi ya dada yake. Anaamua kumwandikia.

Sasa sikilizeni. Kiingereza hakikuruhusu uongee sentensi mbili kuhusu mtu bila kusema ni mume au mke. Thomas anaandika he. Anaiangalia. Halafu anaongeza s mbele yake, ikawa she. Kipande kimoja tu cha risasi, kwa mtu wa kazi yake, kutoka kijumba kilekile anachokiingiza mkono mara elfu kwa siku.

Nilipoliona hilo nilisimama katikati ya chumba. Nikakaa nikaandika barua nzima kwa Kiswahili na nilipoisoma chapta ikafa mikononi mwangu, maana Kiswahili hakidanganyi pale. "Anafanya kazi telegrafu. Anacheka huku kaficha meno. Akikunja blanketi utadhani anafunga barua ya mfalme." Ni Edwin mtupu, hamna uongo hata chembe, msomaji wangu anamwona mwanaume anayemsema kaka mtu na hashtuki. Lugha yetu imewapa uhuru ambao wao hawakuwa nao, na uhuru huo ndo unaoniharibia chapta. Nikajaribu kuweka binti, "nimempata binti mmoja". Hapana. Binti ni uongo mnene, mtu anautamka akiwa ameamua. Thomas hakuamua kiasi hicho, yeye kaongeza herufi moja mkono unatetemeka na kila akiisoma anaona neno la kweli limekaa ndani ya lile la uongo, zima, halijavunjika.

Nimeacha hapo. Naenda kutembea.

Wiki ya 5, Jumatano. Maneno 21,100.

Nimepata njia. Naziacha he na she zenyewe kwenye maandishi, kama vitu, kama vipande vya risasi ambavyo Thomas anaviona kichwani: viwili, halafu vitatu. Mwenzangu msomaji nani hakusahihishwa darasani kwa kumwita mama yake he na baba yake she? Ulimi wetu hauoni kwa nini mtu agawanywe kabla hajaelezwa. Basi kumbukumbu ileile ya kusahihishwa ndo nataka imrudie msomaji pale, ahisi ugumu wa Thomas akiwa upande wetu.

Halafu nikaona kitu ambacho sikukipanga. Him haiwi her kwa kuongeza herufi. Inabidi uibomoe. Thomas anajaribu mara moja, anaandika her, analichukia, anaitupa karatasi kwenye moto. Kwa hiyo anaandika barua yote kwa kumtaja Edwin akiwa anafanya mambo tu, anacheka, anakunja, anarudi, anapiga mluzi ngazini, na hakuna mahali popote pa kitu anachofanyiwa. Barua ya mapenzi kurasa mbili na haina nampenda, maana ile m ya katikati ndo asiyoweza kuiandika bila kuivunja. Kwenye Kiswahili nimehakikisha hivyohivyo, hakuna kitenzi kimoja kwenye barua ile chenye m ya mtendwa. Nimehesabu.

Nilikwenda kutafuta kama kuna mtu wa kweli aliyewahi kufanya hivi na nikamkuta mshairi wa Marekani Walt Whitman kwenye daftari lake la 1870, anaandika maumivu yake kwa ajili ya Peter Doyle, kondakta wa tramu ya farasi Washington. Jina kaliweka kwa namba, 16 na 4, P ni herufi ya 16 na D ni ya 4, na mahali alipoandika him alikuja akafuta akaweka her. Daftari lake mwenyewe, la mfukoni. Nilinyamaza mda.

Wiki ya 6, Jumapili. Maneno 26,400.

Edwin naye apate haki yake, nimegundua nilikuwa namwacha awe mtu wa kupendwa tu. Yeye anaishi kwa hesabu ya maneno. Mpaka mwaka huo telegramu ya ndani ya nchi ilikuwa shilingi moja kwa maneno 20 na anwani bure, kuanzia tarehe 1 Oktoba 1885 ikawa peni sita kwa maneno 12 na anwani inahesabiwa humohumo. Usiku wa kwanza wa bei mpya nimemweka kwenye mashine, telegramu zinamiminika, watu wote wamejifunza siku moja kuwa wafupi. Njoo mama hali mbaya. Mtoto wa kiume wote wazima. Anazipitisha mkononi kimya kimya na anawaza yeye angemwambia nini Thomas kwa maneno 12, ukitoa anwani yanabaki sita, na anwani yenyewe ni ileile ya kwake.

Ninafurahi sana na chapta hii. Agosti sheria, Oktoba telegramu rahisi, mwaka mmoja. Sikuitunga hiyo, ilikuwepo inanisubiri.

Wiki ya 6, Alhamisi.

Sijaandika neno. Rafiki yangu anayenisomea ameikuta kasoro kwenye barua ya Thomas na ana haki kabisa. Thomas anamwandikia dada yake kwamba huyu mtu wake anafanya kazi telegrafu, zamu ya usiku, anarudi alfajiri macho mekundu. Wanawake telegrafu walikuwepo, wengi tu, tangu posta ilipoichukua telegrafu mwaka 1870, ndo maana niliichagua kazi hiyo, ingemfichia siri. Ila wanawake walifanya kazi saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Usiku ni wa wanaume. Kwa hiyo barua inajifichua yenyewe.

Nilifungua faili kurekebisha, kidole kiko juu ya kitufe, nikasita. Kwa nini nirekebishe? Kosa ni la Thomas. Amechunga kila herufi barua nzima, kapigana na her mpaka kaichoma moto, halafu kaandika usiku kwa sababu usiku ndo maisha yao, hakuliona kama siri. Na Hannah? Nikampa kitu kimoja tu cha zamani: alipokuwa binti wa miaka 19 alitaka kazi hiyohiyo, alienda kuulizia, akaambiwa saa za kazi. Hakuchukuliwa. Hajawahi kuzisahau saa zile.

Kwa hiyo Hannah anasoma barua kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya watu, mshumaa pembeni, anafika kwenye neno usiku. Anajua.

Wiki ya 7, Jumamosi. Maneno 33,800.

Tumevutana kidogo na rafiki yuleyule kuhusu mwisho. Anasema wasomaji hawataamini wakiishi salama, kwamba enzi zile haikuwezekana. Nilimwambia kuhusu Edward Carpenter na George Merrill, mmoja mwandishi msomi, mwingine mtoto wa mitaa duni ya Sheffield, waliishi nyumba moja tangu 1898, miaka mitatu tu baada ya Wilde kufungwa, kwanza kijijini Millthorpe, kijiji kizima kinaona, baadaye Guildford, mpaka Merrill alipofariki 1928, Carpenter akamfuata mwaka uliofuata na wamezikwa kaburi moja. Chini ya kifungu kilekile cha 11. Walikuwa wachache waliobahatika hivyo, najua, na sitaandika kana kwamba bahati hiyo ilikuwa ya kila mtu. Lakini ilikuwepo, na mtu aliyepata miaka 30 na mwenzake ana haki ya kuandikwa sawa na aliyevunjwa. Nimeshawasoma waliovunjwa wengi mno.

Akakubali. Akasema basi mwisho usiwe mtamu bure, ulipiwe. Hapo tumeelewana.

Wiki ya 8, Ijumaa alfajiri. Maneno 38,200. Drafti ya kwanza imekwisha.

Majibu ya Hannah yalinisumbua siku nne. Nilijaribu kumwandikia barua ndefu ya kumkubali kaka yake, nikajaribu ya kumkaripia, zote zikasikika ni mimi naongea. Na bado kulikuwa na tatizo lilelile, akiandika kwa Kiswahili changu "mlete nimwone" msomaji hajui dada amemaanisha he au she, na hapo ndo kila kitu kinapoamuliwa.

Jana usiku nikaelewa kwamba Hannah haandiki. Anamrudishia barua yake.

Enzi zile wino ukikosea unaukwangua, una kisu kidogo chenye makali, unakwangua karatasi taratibu mpaka doa linaondoka na karatasi inabaki nyembamba pale. Hannah ana kisu hicho, ni cha dawati la bwana mwenye nyumba, kakiazima bila kuomba. Anakaa usiku kucha na barua ya kaka yake na anakwangua s. Kila s iliyokaa mbele ya he, moja moja, anapuliza vumbi, anaenda kwenye inayofuata. Hagusi kitu kingine chochote. Pale kwenye neno usiku anapiga mstari mmoja chini yake kwa penseli, hafifu, aone kwamba ameliona. Anaikunja, anaiweka kwenye bahasha mpya, stempu ya peni moja.

Thomas anaipokea jioni, anaona mwandiko wake mwenyewe, anadhani imekataliwa. Miguu inaisha nguvu. Ni Jumapili? Hapana, nimeifanya Jumamosi jioni, Edwin bado hajaondoka kwenda zamu, anavaa buti. Edwin anaichukua mkononi mwake, haisomi, anainyanyua mbele ya taa kwa mazoea ya mtu aliyepitisha karatasi nyingi, na mwanga unapenya pale karatasi ilipokwanguliwa, vidoa vidoa vyeupe vimetawanyika ukurasa mzima. Anavihesabu kwa sauti, kama anavyohesabu maneno ya mteja. Anafika kumi na saba. Thomas anamwambia rudia, huenda umeruka mmoja, na Edwin anaanza upya kutoka juu, buti moja iko mguuni na nyingine iko sakafuni.

Kesho napumzika. Jumatatu naanza kusoma toka mwanzo na kalamu nyekundu, na kitu cha kwanza ni kwenda kuhesabu zile she kwenye barua ya chapta ya 9, lazima ziwe kumi na saba kamili.